Kilima Kipara na Shimo la Nyuma ya Choo

"Madame, haya maua yanajua namna gani kama chini kuko shaba?"

Niliulizwa swali hilo siku yangu ya kwanza kazini, juu ya kilima kisicho na mti hata mmoja, na msichana wa darasa la tano aitwaye Masengo. Alikuwa na kiatu kimoja, kwa sababu cha pili kilikuwa kimebaki kwenye tope la mto. Mimi nilikuwa na viatu vyote viwili, shahada ya biolojia kutoka Lubumbashi, kofia mpya na mpango wa somo wenye kurasa kumi na nne. Jibu sikuwa nalo.

"Swali zuri sana," nikasema.

Masengo alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuletea kikombe bila chai. "Ndiyo," akasema. "Na jibu?"

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Najua mtu wa umri huo hastaafu, anaacha kazi, na mwalimu mkuu amenisahihisha mara mbili. Lakini daktari aliyelitazama goti langu la kushoto alisema ni goti la mtu wa kustaafu, nami sikuona vizuri litangulie peke yake. Kwa hiyo ninaandika kama mstaafu, kwa ajili yenu mtakaowatoa watoto nje baada yangu. Vyeo na mishahara naviruka. Katika kazi hii hakuna ngazi ya kupanda. Kuna mteremko, na mkiteremka shikeni majani yenye mizizi.

Shule yetu, kama mnavyojua, iko ukingoni mwa Kolwezi, pale nyumba zinapokwisha na mahindi yanapoanza. Kila Alhamisi darasa la tano na la sita hutoka kwenda kusoma kwa macho, kwa mikono, na kukiwa na mvua kwa makalio. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa adhabu: mwalimu aliyechelewa mara tatu ndiye aliyepelekwa porini. Mimi niliiomba kwa barua. Mwalimu mkuu aliisoma, akaigeuza kuona kama kuna maelezo zaidi nyuma, akauliza kama nyumbani ni wazima.

Siku ile ya kwanza nilikuja na picha nilizozikata katika kitabu kilichotoka Ulaya, nikazifunika kwa plastiki zisilowe. Ya juu kabisa ilikuwa ya dubu anayevua samaki.

"Inakulwa?" akauliza mtoto wa mbele.

"Hapana."

"Haikulwi na sisi, ao haikulwi na batu bote?"

Hilo nalo sikulijua. Baadaye nilizoea: ndilo swali la kwanza la mtoto wa huku mbele ya kiumbe chochote, na baada ya miaka saba nimekubali kwamba ni swali la kisayansi. Lina jibu la ndiyo au hapana, linaweza kupimwa, na anayekosea hujulikana haraka.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa shule, Tata Banza. Kabla ya kulinda geti letu alikuwa amewabebea nyundo na mifuko ya mawe wajiolojia wa kampuni ya zamani, akatembea nao kwa miguu mpaka pande za Sandoa. Ni mtu mfupi, mkavu, na hutembea kama mtu anayejua ugali unapoa nyumbani. Vifaa vyake vilikuwa vitatu: panga, filimbi na kamba ndefu yenye mafundo. Kila mtoto alishika fundo lake njia nzima.

"Usihesabu batoto," aliniambia. "Batoto banatembea. Hesabu fundo yenye haina mukono."

Katika elimu yote niliyopewa, pamoja na ile niliyoilipia miaka mitano, sijapata kanuni iliyonisaidia kuliko hiyo. Lakini wakati ule nilikuwa napinga kila alichosema. Aliposema nyoka hukimbia wakisikia filimbi, nikamuuliza ni nani aliyeona.

"Mi."

"Ulimwona nyoka akikimbia, au hukumwona nyoka?"

Akafikiri. "Sikumuona."

"Basi."

"Basi njo ilikimbia."

Ugomvi huo ndio uliozaa daftari la safu mbili ambalo bado mnalitumia. Kushoto: Niliona. Kulia: Niliambiwa. Chochote ambacho mtoto hakukiona kwa macho yake kinakwenda kulia, hata akiambiwa na Madame. Nilijivunia sana daftari lile. Sikujua kwamba nimewapa silaha.

Mwaka huo wa kwanza tulifuga binkubala, wale viwavi wa kuliwa, ndani ya boksi la sabuni, ili tuwaone wakigeuka kuwa vipepeo. Somo lilipangwa kuchukua wiki nne. Lilikwisha siku ya tatu, kwa mafuta na chumvi. Niliwapa watoto hotuba kali kuhusu subira ya mwanasayansi. Nilipokusanya madaftari, nikakuta la Masengo limeandikwa upande wa kushoto: *Niliona Madame naye anakula mbili.*

Nilikula watatu. Hata yeye hakuona kila kitu.

Darasa letu kubwa, hata hivyo, lilikuwa kile kilima cha siku ya kwanza. Watoto walikiita Kipara, kwa sababu kimekaa katikati ya msitu kama kichwa kilichonyolewa. Udongo wake una shaba nyingi kiasi kwamba miti haiuwezi. Hapo huota majani mafupi tu na mmea mmoja usiofika gotini, wenye vichwa vya zambarau iliyopauka. Hayo ndiyo maua ya shaba. Wajiolojia wa zamani waliyafuata kama mbwa afuatavyo harufu ya nyama: palipo na maua, toa nyundo. Kipara ni kidogo, kama uwanja wa mpira pamoja na nafasi ya washangiliaji, na hakuna mtu aliyekuwa amekichimba. Mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Tata Banza alikuwa mkali kule kuliko mahali pengine popote. Kabla ya kuteremka aliwapekua watoto mifukoni, na jiwe hata la ukubwa wa harage lilirudishwa lilipotoka. Lakini alikuwa na kasoro moja kubwa, nayo naiandika kwa heshima: alikuwa anapotea. Ilituchukua saa mbili kufika, na kila safari njia ilikuwa nyingine. Tulivuka mto uleule mara tatu. Tulimpita mama mmoja aliyeanika mihogo, na baada ya nusu saa tukampita tena, naye akatusalimia mara zote mbili kama wageni.

"Tata Banza, tumepotea," nilimwambia.

"Mi sipotei. Njia njo inabadilika."

Jioni niliandika katika daftari langu mwenyewe, kushoto: *Tata Banza amepotea tena.* Nilikuwa nimeuona mto ule mara tatu, kwa hiyo sikuwa na shaka.

Masengo alifika darasa la sita na swali lake bado liko hai. Kila Alhamisi aliniuliza kama nimeshapata jibu, kwa sauti ya muuguzi anayeulizia homa. Mwishowe nikaamua tulipime. Tulichuma mbegu kidogo Kipara, na mvua zilipokolea tukazipanda shuleni mahali patatu: mbele karibu na bendera, chini ya bati linapodondosha maji, na nyuma ya choo cha darasa la sita, mahali pekee ambapo mwalimu mkuu alisema tukishindwa hakuna mgeni atakayeona. Kama maua yanajua shaba ilipo, yatakataa kuota shuleni. Kama hayajui, yataota popote. Siku hiyo hiyo niliteleza nikaingia mferejini, na hapo ndipo goti langu lilipoanza safari yake ya kustaafu.

Wiki sita hapakuota kitu. Niliwaambia watoto kwamba kutoota nako ni jibu. Ni kweli, na ni kauli ya kikatili kumwambia mtoto aliyemwagilia choo kila asubuhi. Masengo alilia bila sauti huku akiandika, machozi yakianguka kwenye safu ya kushoto. Tata Banza alikuwa anafagia karibu. Alitazama, akaendelea kufagia.

Wiki chache baadaye yakaota. Si kwenye bendera, si chini ya bati. Yaliota nyuma ya choo, mengi, yamebanana kama watu wanaosubiri mkate. Watoto walipiga kelele, nami nikapiga zaidi. Nilimwandikia profesa wangu barua yenye neno "ugunduzi" mara nne. Hakujibu, na leo namshukuru.

Kosa langu lilikuwa kuwaza kwamba maua yanatazamwa na watoto tu. Mama anayeuza mandazi nje ya ukuta wetu aliyaona kupitia tundu, akamwambia mteja, na kufikia Alhamisi mtaa wote ulikuwa unajua kwamba shule imekalia shaba. Msicheke haraka. Wengi wa wazazi wetu walitoka Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao. Baba yake Masengo, Tata Ngoie, ambaye pia alikuwa rais wa kamati ya wazazi, alichimba sebuleni kwake mpaka familia ikawa inapita imejibandika ukutani kwenda jikoni. Kiti kimoja walikiacha ukingoni mwa shimo, kwa ajili ya wageni. Kwa hiyo alipoingia getini na kamba ya kupimia, nyuma yake wazazi kama thelathini wenye majembe na sululu, hakuwa kichaa. Alikuwa mtu mwenye uzoefu.

"Madame Kapinga," akaniambia kwa upole, "mi siko na ubaya na masomo. Masomo inaweza kukalia kwa kanisa. Shaba haiwezi kuhama."

"Tata Ngoie, hapa hakuna shaba. Maua tuliyapanda wenyewe."

Wazazi wakacheka kwa adabu.

"Hata mi kule Kasulo," akasema mama mmoja, "nilikuwa naambia bajirani ni shimo ya choo."

Mwalimu mkuu alinivuta pembeni. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Darasa moja likianguka katika mashimo yao," akasema, "shule imekwisha. Na hata lisipoanguka, masomo yako ya nje yamekwisha leo, na wewe pamoja nayo. Wafanye waamini." Kisha akakumbuka kwamba ana mkutano. Mkutano wa nani, sijui hadi leo.

Nikamwita Tata Banza, kwa sababu kila mtu alijua alitembea na wajiolojia. Alikuja anatafuna muwa. Akayatazama maua, akatazama mbingu, akatema kapi.

"Hapa hakuna kitu."

Minong'ono ikapita. "Kama Tata Banza mwenyewe anasema hakuna," akasema yule mama, "basi kiko mingi."

Ikabaki silaha yangu ya mwisho. Nikamwita Masengo alete daftari la mwezi wa kupanda, nikamwambia asome safu ya kushoto peke yake. Alisimama juu ya tofali ili aonekane.

"Niliona Madame anamwanga mbegu kwa bendera. Niliona Madame anamwanga mbegu chini ya bati. Niliona Madame anaanguka kwa mufereji na anasema neno."

"Neno gani?" akauliza mzazi wa nyuma.

"Madame alilikata na bic yake nyekundu. Niliona Madame anamwanga mbegu nyuma ya choo."

Nikajua nimeshinda. Tata Ngoie alikuwa anakuna shingo. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyumbani kwake hakuna mlo ulioliwa mwaka ule bila binti yake kumuuliza: baba, uliona ao uliambiwa? Mtu anayeulizwa hivyo kila siku hujifunza kuuliza.

"Mulipanda pa tatu," akasema polepole. "Imeota pa moja tu. Sababu gani?"

Mbele ya wazazi thelathini na majembe yao, na kazi yangu ikining'inia juu ya ukuta wa choo, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Swali zuri sana," nikasema.

"Na jibu?" akauliza Masengo, mtoto niliyemlea kwa sayansi.

Ikabidi tukubaliane: shimo moja tu, la upana wa mtu mmoja, kina kifike mabegani mwa Tata Ngoie, mbele ya watoto. Wasipoona kitu, wanafukia na kwenda nyumbani. Wakiona kitu, hakuna aliyemalizia sentensi. Nilikuwa nahesabu moyoni mahali pengine pa kuomba kazi nikafika pa tatu, nikarudia pa kwanza.

Walipokwisha kuweka alama, Tata Banza alisogea, akaivuta kamba hatua mbili kushoto.

"Kama ni lazima," akasema, "chimba hapa."

Wazazi walitazamana kama watu walioonyeshwa ufunguo. Sululu zikaanza. Mimi nilimtazama Tata Banza kama msaliti, naye akanivunjia kipande cha muwa.

Nakiri kwamba lilikuwa somo zuri la udongo. Watoto waliketi ukingoni na kuandika kila tabaka: udongo mweusi, udongo mwekundu, vipande vya matofali, kopo la nyanya, rula iliyovunjika, kandambili moja ya mguu wa kulia. Kufikia kiunoni udongo ukawa laini, na Tata Ngoie akatangaza kwamba ulaini ni dalili njema. Akainua sululu juu ya kichwa, akapiga kwa nguvu zake zote, na chini ya miguu yake kukatoka sauti ambayo sitaiandika kwa sababu nawaheshimu.

Choo cha zamani cha shule, kilichofukiwa kabla mimi sijazaliwa, kilimpokea mpaka kifuani.

Harufu iliondoa wazazi kama kumi papo hapo. Waliobaki waliitupa shimoni ile kamba ya mafundo, kila mmoja akashika lake, watoto nao wakashika, tukavuta. Nilihesabu fundo lisilo na mkono. Halikuwepo. Tata Ngoie alipanda polepole, akasimama wima juu ya nyasi akichuruzika, na sijamwona mtu mwingine akisimama vile kwa heshima.

"Masengo," akasema.

"Baba."

"Andika kushoto."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta jembe shuleni. Kila uvumi ulipoanza upya, Tata Ngoie aliukata kwa maneno mawili, "Mi niliona," na hakuna aliyetaka maelezo. Masomo ya nje yaliendelea. Masengo sasa anasoma sekondari Lubumbashi, na nasikia walimu wake wanamkimbia kwenye ngazi. Jibu la swali lake nalo nilikuja kulipata: maua hayajui chochote. Yanavumilia tu sumu ambayo mimea mingine haiivumilii, kwa hiyo hubaki peke yake. Nilimpigia simu kumwambia. Akauliza kama nimeona au nimeambiwa.

Alhamisi yangu ya mwisho nilikaa na Tata Banza kwenye benchi la geti. Nilikuwa nimebakiwa na swali moja.

"Lile shimo, ulijuaje lipo?"

"Nililifukia mi mwenyewe."

"Na maua? Kwa nini yaliota pale tu?"

Akaifuta filimbi kwa shati, muda mrefu kuliko filimbi inavyohitaji. "Mutoto alikuwa analia," akasema. "Nilibeba udongo ya Kipara na baiskeli. Mifuko mbili. Nikamwanga pale nyuma, sababu pale hakuna mutu anaangalia."

Nilihesabu miaka aliyonyamaza. "Kwa nini hukuwaambia wazazi siku ile? Wangerudi nyumbani mara moja. Nilikuwa napoteza kazi, Tata Banza."

"Wangeniuliza udongo nimeutoa wapi," akasema, safari hii kwa Kiswahili cha darasani, ili nielewe vizuri.

Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa yote, mpaka aliponiinamia na kunieleza njia ya kwenda Kipara peke yangu, na kuniomba nisiiandike. Siiandiki. Mkitaka kwenda, nendeni naye, shikeni mafundo yenu, na mkivuka mto mara tatu msilalamike.

Jumapili iliyofuata niliifuata njia ile. Maua yalikuwa yamechanua, na hapakuwa na shimo hata moja. Nilitazama saa. Kutoka geti la shule, kwa goti bovu na kupumzika mara mbili, ni mwendo wa dakika ishirini na mbili.